Majivu ya Muitaliano

Muitaliano bado yumo sebuleni, palepale kati ya dirisha na mlango wa korido. Wamemtandika kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa wameweka picha ya Mama Nadine, mshumaa, na maua ya dukani ambayo hakuna aliyekumbuka kuyatoa kwenye karatasi yake. Muitaliano si mtu. Ni jiko la chuma la kupasha nyumba joto, rangi ya maharagwe mekundu, lenye mlango wa kioo. Tulimpa jina hilo kwa sababu mzee aliyekuwa mwenye nyumba wakati ule alihamia Sydney kutoka Italia, akamwagiza kutoka kwao, na alipotupangisha alisema tunaweza kubadilisha lolote isipokuwa jiko. Mama Nadine alipoinunua nyumba baadaye, akalirithi na jiko lake. Mimi nimeota mvi, kuta zimepakwa rangi mpya, maduka ya mtaa wetu wa Fairfield yamebadilisha vibao sijui mara ngapi, lakini yeye yuko vilevile. Nilipoingia nilipitisha macho pembeni, kama mtu anayemkwepa shahidi.

Nilikuwa nimekuja kwa shughuli ya kuondoa matanga, mwaka mmoja baada ya mazishi ya Mama Nadine. Sebule ilijaa watu wa kanisani na Warundi kutoka kila kona ya magharibi ya jiji. Pasta alifika mahali ambapo, kwa desturi ya familia ile, watu huulizwa kama kuna mwenye neno na marehemu: aliyekosewa naye au aliyemkosea aliseme sasa, kwa maana baada ya hapo msiba unafungwa. Mimi nilikuwa na neno. Nilikuwa nalo kwa karibu miaka ishirini. Nikatazama viatu vyangu mpaka pasta alipofunga kwa sala na harufu ya wali na maharage ikaanza kuingia kutoka jikoni. Nilipoinua uso niliona, kupitia dirishani, mgongo wa mwanamume aliyekaa barazani peke yake, amevaa jaketi kubwa, na upepo wa baridi wa Agosti unampiga. Alikuwa Deo, mdogo wake marehemu. Nilimuuliza Nadine, ambaye sasa ni nesi na mama wa watu, mbona mjomba wake hakai ndani. Akajibu kwa Kiingereza, kama alivyojibu tangu utotoni hata ukimsemesha Kiswahili: “He never comes into this room, Auntie. Not since Bibi.”

Ya kwetu Machakos sitayaleta hapa, hayahusiki. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasomea uhandisi wa mitambo chuo kikuu kule Kensington, na Mama Nadine tulikutana kanisani. Alikuwa amekaa kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na alifanya kazi ya kutunza wazee. Aliishi na mama yake, ambaye sote tulimwita Bibi, na Deo, aliyebeba mizigo kwenye ghala moja la Wetherill Park, na Nadine, wakati huo mtoto wa miaka sita. Chumba nilichopewa kilikuwa na masharti mawili. La kwanza, niwasomee barua za ofisini na kuwasemea popote penye Kiingereza. La pili, nimtunze Muitaliano. “Wewe si ni injinia?” Mama Nadine aliniambia siku ya kwanza, akinikabidhi brashi. “Basi huyu ndiye fiancé wako.” Wakacheka wote, na Bibi, ambaye meno ya mbele yalikwisha kumuaga, akacheka kuliko wote.

Mwenye nyumba alikuja Jumamosi moja kunifundisha. Alipiga magoti mbele ya jiko kama mtu aliye kanisani na kunionyesha kila kitu kwa mikono, kwa kuwa Kiingereza chake na changu vilikuwa havijazoeana. Jiko lile halili kuni wala makaa. Linakula peleti, yaani unga wa mbao uliokandamizwa ukawa vijipande vifupi, sawa kabisa na chakula cha kuku wa mayai. Mara ya kwanza Bibi alipoviona aliuliza kuku wako wapi. Unavimwaga juu, tumboni mwa jiko, na parafujo inavisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma chenye matundu, ambamo vinawaka. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kukwangua kikombe na kuzibua matundu yake, kisha kupangusa kioo kwa gazeti lililoloweshwa na kuchovywa kwenye majivu. Kila wiki nilimwaga majivu ya droo ya chini. Kila mwezi nilijaribu kamba inayozunguka mlango: unafungia karatasi mlangoni, halafu unaivuta, ikitoka kirahisi, kamba imechoka na moshi utapata njia. Na mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi, ilikuwapo kazi kubwa: kufungua mabamba ya nyuma, kutoa feni ya moshi, kusugua njia yote hadi kwenye bomba la nje, na kunyonya masizi. Mzee aliniwekea kiganja chake kifuani pangu, akapumua kwa nguvu, ndani na nje, kisha akaonyesha bomba. Nilimwelewa. Hapo ndipo jiko linapopumulia.

Asubuhi zile zilikuwa nzuri, nikiri. Bibi alikuwa akiamka kabla yangu, anakaa kwenye kiti chake cha mbao kando ya Muitaliano, amejifunga mablanketi mawili, na kikombe cha uji mkononi. Alinisimamia. Kitu pekee tulichogombania kilikuwa majivu. Kwao moto haukuachwa ufe: jioni unafukia makaa kwenye majivu, asubuhi unafukua, unapuliza, unapika. Majivu ndiyo kitanda cha moto. Ndiyo pia dawa ya wadudu kwenye maharage, mbolea ya mboga, na sabuni ya sufuria. Kwa hiyo kila nilipotaka kuikwangua droo hadi chuma king’ae, alinishika mkono. “Usimalize, mwanangu. Nyumba isiyo na majivu, watu wanajua wenyewe wamehama.” Mwanzoni nilimweleza kwamba mashine hii haitaki kitanda, inataka hewa. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu kwa vidole. Baadaye niliacha kumweleza. Nilimwachia kidogo kwenye droo, na yeye alitwaa ndoo, akaenda kumwaga yaliyobaki kwenye bustani yake ya lengalenga, mchicha wa kwao, nyuma ya nyumba. Ningependa kusema nilinyamaza kwa heshima. Ukweli ni kwamba ulikuwa uvivu uliopata baraka za mtu mzima.

Deo ndiye aliyeleta peleti. Alizichukua mahali fulani karibu na kazini kwake, akazibeba begani, gunia kwa gunia, kutoka kwenye gari la mwenzake hadi uani, na kuzifunika kwa turubai. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa miaka thelathini na kitu, na Kiingereza kilimtisha kiasi kwamba hata dukani alinyoosha kidole tu. Mvua ilipopenya turubai na kulowesha pembe ya gunia, alikaa chini kuchambua, zilizovimba kando, nzima kando, kama mwanamke anayechagua mchele. Mwezi wa nne aliniona nikizunguka-zunguka jiko bila kulifungua. Akaniambia, “Dada Mwende, ile kazi ya nyuma, tuifanye wawili. Mimi nashika, wewe unafungua.” Nilikataa. Nilimwambia ni kazi ya kitaalamu, na kwamba nitaifanya Jumamosi. Nilitamka neno “kitaalamu” kwa namna ambayo bado inanichoma.

Jumamosi yenyewe niliamka nina nywele mpya. Nilikuwa nimesukwa siku iliyotangulia, rasta nyembamba hadi mgongoni, saa sita nzima kwenye kiti cha msusi, kwa sababu wanafunzi wa Kenya walikuwa na sherehe Kensington. Lazima niseme na hili: niliwaficha wenzangu ninakoishi. Wao walikodi nyumba karibu na chuo, wanapiga soga kwa Sheng, wanazungumzia kazi za ofisini watakazozipata, na mimi nilikuwa naondoka mapema kila mara kukimbilia treni ya kuelekea kwa watu walioitwa wakimbizi. Niliwapenda watu wa nyumba yangu, na niliwaonea haya. Rafiki yangu alipiga simu saa nne: “Mwende, si ukuje mapema tupike? Form imeiva!” Nikatazama mabamba ya nyuma ya Muitaliano, nikafikiria masizi ya mwaka mzima yakinirukia kichwani. Nikachukua kalamu. Mama Nadine alikuwa na kalenda ya kanisa jikoni, na hapo tuliandika kila kitu: zamu zake, kliniki ya Bibi, siku za takataka. Niliandika “Bomba la Muitaliano” na kuweka alama ya vema. Nilijiambia nitalifanya wiki ijayo, kwa hiyo si uongo, ni ukweli uliotangulizwa. Wiki iliyofuata kulikuwa na mtihani, na iliyofuata kulikuwa na kitu kingine, na alama ya vema ilikuwa imeshakauka.

Muitaliano alinionya, na mimi ndiye pekee mle ndani niliyejua lugha yake. Mwezi wa sita ulipoingia na baridi yake, kioo kilianza kuwa cheusi kabla ya chakula cha mchana. Moto, ambao ulizoea kuruka mweupe na kwa bidii, ukawa wa rangi ya chungwa, mrefu, mvivu, unajilamba kwenye kioo. Kitabu chake kilisema wazi kwamba moto wa namna hiyo ni moto unaokosa pumzi. Nilikuwa nimesoma kurasa hizo, na darasani tulikuwa tukifundishwa mambo hayohayo kwa hesabu. Karatasi niliyofungia mlangoni ilitoka bila hata kuvutwa. Nadine alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, “It’s too easy!” Nilimjibu kwamba ni kwa sababu nina nguvu.

Jumapili moja Bibi alikuwa na mafua, akabaki nyumbani. Deo ndiye aliyejaza jiko kabla hatujaondoka, akasukuma gunia jipya ukutani, akamvuta mama yake kiti karibu, akamwekea chai. Sote tulimwona akifanya hivyo. Ibada ilikuwa ndefu. Tuliporudi, saa saba mchana, jua likiwa limejaa barazani, Mama Nadine alifungua mlango na moshi ukamtokea usoni. Si moshi mwingi. Wa kijivu, umetulia, umejaa chumba kama maziwa kwenye glasi. Bibi alikuwa sakafuni kando ya kiti chake, chai imemwagika kwenye zulia, mkono mmoja uko juu ya blanketi kana kwamba alikuwa akilikunja. Deo alimbeba kama alivyobeba magunia yake na kumtoa uani, akamlaza kwenye nyasi karibu na lengalenga, akawa anamwita, “Mama, Mama,” kwa sauti ndogo kabisa. Nadine alikuwa akipiga kelele. Mimi nilipiga sufuri tatu, namba ya dharura ya huku, nikaitisha msaada kwa Kiingereza kizuri sana.

Gari la wagonjwa lilimchukua akiwa hai, na Mama Nadine akamfuata baada ya muda mfupi kidogo ambao ndio maisha yangu yote. Kwa maana wazima moto nao walikuja, na mmoja wao, kijana mpole mwenye kifaa kidogo cha kupimia hewa, alisimama kati yetu watatu akauliza bomba la moshi lilisafishwa lini. Mama Nadine na Deo wakanigeukia. Kusema ilikuwa kazi yangu. “In April,” nilisema. Akauliza kama ni kweli limesafishwa lote, hadi kwenye feni. Nikasema ndiyo. Hapo akatupa macho uani, akayaona magunia chini ya turubai, akaenda kuingiza mkono, akatoka na kiganja cha peleti zilizovimba, zile ambazo Deo alikuwa amezichambua na kuziweka kando. Akasema zenye maji hutoa moshi mwingi, huenda zimechangia, lakini tusiwashe jiko mpaka fundi alifungue nyuma na kuangalia. Mama Nadine akanishika mkono. “Anasema nini, Mwende? Anasema nini?” Nikamwambia, “Anasema peleti zilikuwa na maji.” Sentensi moja. Habari ya fundi sikuitafsiri. Deo alitazama kile kiganja cha mzima moto, kisha mikono yake mwenyewe.

Jumanne, wote wakiwa hospitalini, nilimfungua Muitaliano. Nilivaa kofia ya plastiki ya kuogea juu ya zile rasta. Nilitoa mabamba, nikatoa feni, na njia ya moshi ilikuwa imeziba kabisa, masizi yamejaa na kukamatana, yamebakiza tundu la kupitisha kidole. Nilifanya kazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Nilisugua kila kona, nikanyonya, nikapuliza, nikabadilisha kamba ya mlango kwa ile mpya iliyokuwa imelala kwenye droo ya jikoni tangu mwaka uliotangulia. Karatasi niliyoifungia mlangoni ilichanika kabla ya kutoka. Sijawahi kusafisha kitu vizuri hivyo, wala kabla wala baada. Ndoo mbili za masizi nilizibeba hadi bustanini nikazichimbia chini ya lengalenga za Bibi, nikachanganya na majivu yake ili rangi zifanane. Nikaoga mara mbili. Mama Nadine aliporudi aliona jiko linang’aa, akanikumbatia akilia, akasema Mungu amenileta kwenye nyumba ile.

Bibi alirudi baada ya wiki mbili, lakini kuna sehemu yake haikurudi. Alikuwa akianza hadithi na kuiacha njiani. Alimwita Deo kwa jina la baba yao aliyekufa kambini. Hakutaka tena kukaa karibu na jiko. Alikaa kitandani, anatazama ukuta. Daktari alitaja umri, akataja na moshi, na Mama Nadine alisikia moshi tu. Alikuwa mwanamke mwema, sikumsikia akimtukana mdogo wake hata mara moja. Ila jioni moja, nikiwa koridoni, nilimsikia jikoni akiosha vyombo na kusema taratibu, “Deo, mimi sina hasira. Lakini nikikuona, naona mama kwa sakafu. Nenda ukae mahali pengine kwanza, mpaka moyo itulie.” Deo akasema, “Nilichagua, Daphrose. Nilichagua moja-moja.” Yeye akasema, “Najua. Haikutosha.” Nilikuwa nimesimama mita tatu kutoka kwao, na soksi zangu zilikuwa hazitoi sauti yoyote kwenye mbao. Nikarudi chumbani kwangu. Ijumaa iliyofuata Deo alibeba begi lake akaenda kufanya kazi ya machinjioni, mji mmoja wa mashambani, mwendo wa siku nzima kwa basi. Bibi alimuulizia mpaka alipoacha kumuulizia. Alifariki baada ya miaka miwili. Lengalenga za mwaka ule wa moshi zilikuwa nene, za kijani kibichi kabisa, na tulizila kwa ugali wiki nyingi.

Mwisho wa mwaka huohuo nilihamia Kensington. Nilihitimu. Kazi niliyoifanya tangu hapo, na sikuichagua kwa bahati mbaya, ni kusanifu njia za moshi na hewa katika majengo makubwa. Jina langu lipo kwenye michoro ya maghorofa ambayo maelfu ya watu wanalala humo bila kunijua. Mafundi wananiogopa. Hakuna alama ya vema ninayoiamini mpaka nimeingiza mkono wangu mwenyewe. Wakinisifu kwa uangalifu huo, ninashukuru na kubadilisha mazungumzo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu ajabu. Imenipa cheo, nyumba na pensheni. Nilimtembelea Mama Nadine kila Krismasi, nikimletea zawadi kubwa kuliko ilivyofaa, na kila mara aliwasimulia wageni jinsi nilivyolisafisha jiko siku ile, na mimi nikitazama chini, akasema, “Mnaona? Hapendi sifa.”

Kwa hiyo siku ile ya matanga nilijaza sahani mbili, nikatoka barazani. Deo alisimama kunipokea. Amekonda, na mikono yake ina makovu ya visu. “Dada Mwende! Umekuwa mama mzima.” Tukakaa. Kando ya mlango kulikuwa na pipa la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na nilipolitazama aliligonga kwa kiganja. “Peleti. Kila hiver, baridi ikianza, naleta. Nachagua nyumbani kwangu, kavu-kavu, naweka ndani, nafunga, naacha hapa kwa baraza. Ndani siingiagi.”

“Kwako mnatumia jiko gani?” nilimuuliza, nikijua ninazunguka.

“Kwangu hakuna moto.” Akatabasamu. “Watoto wanalia baridi, nawaambia vaeni jaketi. Mke wangu anasema mimi ni kichwa ngumu. Lakini mtu aliyeweka mama yake kwa moshi, dada, huyo hawashi tena.” Akala kijiko kimoja cha wali. “Mungu ni mwema lakini. Daphrose alinisamehe. Wiki ya mwisho, kwa hôpital, alinishika hivi, akasema, Deo, ile mambo ya peleti, nilikusamehe zamani. Nililia kama mtoto. Nikamwambia asante.”

Nilikuwa nimepanga kwa miaka mingi jinsi nitakavyoanza, na sikukumbuka hata neno moja la mpango huo. Nikaweka sahani chini. “Kaka Deo, hazikuwa peleti. Bomba lilikuwa limeziba. Sikulisafisha. Niliandika kwenye kalenda kwamba nimelisafisha na sikulisafisha, na yule mzima moto alisema tumwite fundi, na sikuwaambia. Jumanne nililisafisha peke yangu, ili asije mtu akaona.”

Treni ilipita ng’ambo ya nyumba na ikaisha. Aliendelea kutazama lile pipa. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Masizi ulipeleka wapi?”

“Kwenye bustani ya Bibi. Chini ya lengalenga.”

“Tulikula ile mboga.”

“Tulikula.”

Akafuta mdomo kwa kitambaa cha karatasi, akakikunja, akakikunja tena. “Basi Daphrose amekufa amenisamehe kitu sikufanya,” alisema. “Na mimi nikamwambia asante.”

Nilimwomba msamaha. Nilisema maneno yote ambayo watu husema, na yalitoka kwa kulia. Aliniacha nimalize. “Hiyo ngoja,” alisema. “Hiyo si ya leo. Pasta aliuliza nani ana neno. Wewe ulikuwa ndani?” Nikasema nilikuwa ndani. “Basi rudi.” Akainuka, akanifungulia mlango kwa mkono mmoja, lakini yeye akabaki kizingitini, ncha za viatu vyake zikiwa kwenye mstari wa mbao.

Nilisimama kando ya Muitaliano, mbele ya picha ya Mama Nadine, watu wana vijiko midomoni, nikasema kwamba nina neno. Pasta alisema kwa upole msiba umeshafungwa, mama. Nikasema ufunguliwe. Nililisema lote kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho nilichowadanganyia: nywele, kalenda, feni, mzima moto, ndoo mbili. Nilipomaliza nilisikia friji ikinguruma jikoni. Nadine alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao cha Bibi, sahani ya mtoto wake mapajani. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mjomba wake mlangoni.

“So it wasn’t him,” alisema.

“Si yeye,” nilisema.

Akaweka sahani sakafuni, akaenda hadi mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamsikia akisema Kiswahili, kwa lafudhi ya Fairfield, neno kwa neno. “Tonton, ingia. Nje ni baridi.” Deo aliinama, akafungua kamba za viatu vyake, akachelewa kidogo kwenye fundo, akaviweka pembeni ya pipa. Kisha akaingia na soksi zake. Walimpisha njia hadi kwenye kiti cha mama yake, akakaa, akanyoosha mkono na kuuweka juu ya chuma baridi cha jiko. Watu walisogea, viti vikabadilishwa, mtu akamletea chai. Hakuna aliyeniambia nikae, na sikukaa.